Mlio wa Pikapu ya Umeme na Uziwi wa Madarasa Yetu

Imekuwa desturi ya baadhi ya wenzetu, kila panapozuka chombo kipya duniani, kukimbilia kutangaza kwamba Kiswahili hakina maneno ya kukielezea. Walisema hivyo zama za redio, wakasema hivyo zama za kompyuta, na leo, magari ya umeme yanapoanza kupita katika barabara zetu, wanaimba wimbo ule ule kwa sauti ile ile. Sisi tunakataa. Na ili tusije tukadhaniwa kwamba tunakataa kwa ushabiki tu, tutachukua jambo moja dogo, gumu, la karakana, ambalo ndugu hao wangependa kulitoa kama ushahidi wao wa kwanza, nalo ni namna ya kubaini chanzo cha mlio usiojulikana katika pikapu ya umeme. Tunadai kwamba upungufu upo, lakini makao yake ni madarasa yetu. Lugha haina hatia.

Kwanza tuieleze shida yenyewe. Gari la petroli lina injini inayonguruma muda wote, na ngurumo hiyo hufunika sauti nyingi ndogo ndogo. Pikapu ya umeme haina ngurumo hiyo. Kwa hiyo dereva wake huyasikia mengi ambayo zamani yalipita chinichini: pampu za maji yanayopoza betri, feni zinazovuma gari likiwa limeegeshwa na kuchajiwa, meno ya gia yanayolia kwa mluzi mwembamba, na zile swichi kubwa ziunganishazo betri kuu na mota, ambazo hugota "ka!" gari linapowashwa. Sauti zote hizo ni za uzima. Nyingine zimewekwa kwa amri ya sheria. Katika Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2021, kila gari jipya la umeme halina budi kutoa mlio wa bandia liendapo polepole, hadi mwendo wa kilomita 20 kwa saa, na nchini Marekani kanuni kama hiyo hufika kilomita 30, ili waendao kwa miguu, hasa vipofu, wapate kulisikia. Dereva asiyelijua hilo atalipeleka gari gereji na kumtaka fundi aitibu sheria.

Lakini zipo sauti ambazo ni dalili ya hatari. Mnamo Oktoba 2022 kampuni ya Rivian ya Marekani, ambayo ilikuwa imeanza kuwakabidhi wanunuzi pikapu yake ya umeme iitwayo R1T mwaka uliotangulia, iliyaita magari yake yapatayo 12,000 yarudi kukaguliwa. Sababu ilikuwa bolti moja kwenye gurudumu la mbele, ile ifungayo mkono wa juu wa gurudumu na kiungo cha usukani, ambayo huenda haikukazwa vya kutosha katika baadhi ya magari hayo. Wenye magari waliambiwa kwamba wakisikia kelele au mtetemo wa kupita kiasi upande wa mbele, au wakiona usukani umebadilika, wapige simu mara moja. Natulitafakari jambo hili. Gari lililosheheni kompyuta, lililobuniwa na wahandisi mahiri, lilifika mahali ambapo usalama wake ulitegemea sikio la mwenye gari, na baada ya sikio, ulimi wake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini nani atakayeuziba ufa usiotajwa ulipo?

Watatujibu wenzetu kwamba siku hizi gari hujisemea lenyewe, kwamba fundi huchomeka chombo chake na kosa likasomeka kwenye kioo. Ni kweli kwa makosa ya umeme: kipimo cha joto kilichokufa, seli ya betri iliyodhoofu, waya uliokatika. Lakini kompyuta ya gari haijui ila yale iliyofungiwa vipimo vya kuyajua, na hakuna kipimo kwenye kila bolti, kila mpira, kila beringi. Gari linaweza kugongagonga mchana kutwa na kioo chake kikaandika kwamba hakuna kosa. Hapo fundi hana njia nyingine ila kumgeukia dereva na kumwuliza, "Hulia vipi?"

Na hapo ndipo aibu yetu inapodhihirika. Dereva tuliyemsomesha miaka mingi, aliyepata alama nzuri katika lugha, hujibu, "Gari linapiga kelele." Basi! Hana zaidi. Fundi hubaki akibahatisha. Hubadilisha beringi, kisha shokapu, kisha tairi, na kila badiliko lina bei yake, mpaka mfuko umeisha na mlio ungalipo.

Sasa tumsikilize dereva mwingine, mwenye Kiswahili kile kile, ila amefunzwa kukitumia. Anasema: "Huvuma kuanzia kilomita 50 kwa saa, na mvumo huzidi kadiri mwendo uzidivyo. Nikiachia pedali, haubadiliki. Nikikata kidogo kushoto, huzidi. Nikikata kulia, hupungua." Fundi anayesikia maneno hayo amekwisha kupata nusu ya jibu. Kwa kuwa mvumo haubadiliki pedali inapoachiwa, mota na gia zimeondoka katika orodha ya washukiwa wa kwanza. Kwa kuwa huzidi gari likatapo kushoto, wakati ambapo uzito huegemea magurudumu ya kulia, ataanza kukagua beringi za upande wa kulia. Na akitaka kuhakikisha kwamba si tairi lililolika vibaya, ataliuliza gari swali jingine: atabadilisha tairi la mbele na la nyuma, aone kama mvumo nao utahama.

Wa tatu anasema: "Kila niachiapo pedali na kuikanyaga tena, hugota mara moja, ko!, chini ya kiti. Mwendo ukiwa mmoja, hunyamaza." Katika gari la umeme, kuachia pedali huigeuza mota kuwa kizuia mwendo, nayo nguvu katika gia na ekseli hugeuka upande. Penye ulegevu wowote kati ya mota na gurudumu, pigo hilo litasikika. Wa nne anasema: "Hukwaruza asubuhi tu, baada ya mvua ya usiku, na nikishafunga breki mara tatu nne, hukoma." Mota zikifanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo, sahani za breki hutumika kwa nadra, nazo hushika kutu, huyo hana ugonjwa wa kumtia hofu. Wa tano anasema: "Hugongagonga, ko-ko-ko, kwenye mashimo, kwenye lami hutulia." Huyo na asicheleweshwe, zikaguliwe bolti na viungo vya magurudumu kabla hajarudi barabarani, kwani pikapu ya namna hii ina uzito wa karibu tani 3, na kiungo kikichomoka hakuna wa kuizuia.

Walimu wenzetu, hebu tuyatazame maneno ya madereva hao kwa jicho letu la sarufi. Ni kitu gani kilichombainishia fundi ugonjwa? Ni hu- ya mazoea, iliyomwambia kwamba jambo hujirudia. Ni -ki- ya masharti na -po- ya wakati, zilizofungamanisha sauti na tendo linaloizalisha. Ni kitenzi kilichorudufishwa, kilichotofautisha pigo moja na mapigo mfululizo, kugonga na kugongagonga. Ni uteuzi wa kitenzi chenyewe, kwa maana kuvuma si kulia, kulia si kukwaruza, wala kukwaruza si kugota. Na ni tanakali ya sauti, "ko!", iliyokata shauri pale ambapo maelezo yangeweza kuleta utata. Tena tuziongeze kauli za vitenzi: vyuma vinavyogongana havina hali moja na chuma kinachogongwa na kokoto. Bolti iliyolegea imejilegeza kwa mtikisiko. Iliyolegezwa, kuna mkono ulioishika. Bolti iliyokatika ni habari. Bolti iliyokatwa ni kesi.

Hayo yote tunayafundisha. Lakini tunayafundishaje? Tanakali za sauti tumezifanya orodha ya kukariri: aliyeanguka majini, chubwi, aliyeanguka mchangani, tifu, aliyeanguka chini kwa kishindo, pu. Mwanafunzi huzimeza, huzitapika siku ya mtihani, na hazimfai tena mpaka kaburini. Tumeziita pambo la fasihi, tukaziweka kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Hatujawahi kumwambia mwanafunzi: funga macho, sikiliza, kisha utueleze ulichosikia kwa namna ambayo mtu asiyekuwapo ataweza kukitambua. Hali ya masharti nayo tumeifundisha kwa sentensi zisizo na maisha, "akija nitamwona", "mvua ikinyesha nitalima", kana kwamba haikuumbwa kuchunguza chanzo na matokeo. Huo ndio uziwi tunaoulalamikia.

Tunajua hoja itakayofuata. Watasema: sawa, vitenzi mnavyo, lakini beringi, mota, betri, gia na volti si maneno ya Kiswahili. Ajabu hii! Volti imetokana na jina la Mwitaliano Alessandro Volta, na ampea imetokana na jina la Mfaransa André-Marie Ampère, na Waingereza wameyachukua yote mawili bila ya kuona haya wala kuitangaza lugha yao kuwa maskini. Jina la kipuri husafiri na kipuri chenyewe. Hivyo ndivyo ilivyo katika kila lugha. Kazi ngumu ya kubaini ugonjwa haimo katika jina la kipuri. Imo katika kueleza kipuri hicho kinafanya nini, lini, wapi, na baada ya nini. Na kazi hiyo Kiswahili kiliiweza kabla gari la kwanza halijateremshwa pwani.

Hatuna uadui na istilahi. Tuna ugomvi na wale wanaozitunga mezani bila ya kupita gereji. Mafundi wa Kampala, Bujumbura, Goma na Lubumbashi wanazo namna zao za kuitaja milio, walizozipata kwa kusikiliza maelfu ya magari. Mara nyingi vijana wao wanaojifunza kazi wana masikio makali kuliko sisi. Lakini wakifika mbele ya mtihani wa Kiingereza au Kifaransa, huonekana wajinga, kwa kuwa ujuzi wao umeulizwa kwa lugha ambayo haukuzaliwa nayo. Ni dhuluma, na sisi walimu tukinyamaza tunashiriki.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Marekani peke yake. Wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere walionyesha gari lao la umeme, Kiira EV, tangu mwaka 2011. Pikipiki za umeme zinabeba abiria mjini Kigali. Na kobalti, ambayo imo katika betri nyingi za magari hayo, sehemu yake kubwa duniani huchimbwa Kongo, katika nchi ya Kolwezi na jirani zake, ambako mchimbaji na mchuuzi huelewana kwa Kiswahili. Ingekuwa kichekesho kikubwa kama madini yatachimbwa kwa Kiswahili, na gari lililotokana nayo likiugua mbele ya mlango wetu tushindwe kulisemea.

Kiswahili kimevishwa mataji mengi miaka hii. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake mwaka 2021. Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tunashukuru. Lakini taji halimfai mfalme asiyeruhusiwa kuingia sokoni wala karakana.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. La kwanza, somo la tanakali na vitenzi vya sauti litolewe kwenye orodha, lipelekwe kwenye masikio: mwanafunzi asikilizishwe pampu, cherehani, baiskeli yenye mnyororo mkavu, kisha aandike taarifa yake kwa hu-, -ki- na -po-, na mwenzake ambaye hakusikia akisome alichoandika na kukitambua chombo. La pili, chama chetu kiwatume walimu kwa mafundi, daftari mkononi, wayakusanye maneno kabla ya kuyabuni. La tatu, taarifa hizo ziambatane na maonyo ya usalama yaliyoandikwa kwa Kiswahili kilicho wazi. Fundi wa zamani alizoea kuegemeza bisibisi kwenye chuma na mpini wake sikioni ili asikilize. Hila hiyo, katika pikapu yenye umeme wa volti zipatazo 400, isijaribiwe kamwe karibu na nyaya za rangi ya chungwa, kwani huko asiyejua hapati nafasi ya pili ya kujifunza.

Wanaodai kwamba lugha yetu haitoshi tunawaalika gereji yoyote iliyo karibu nao. Wasimame karibu na fundi, wanyamaze, na kwa mara ya kwanza wasikilize.