Mwalimu wa Madrasa Asiachwe Peke Yake

Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.) alikuwa akiishi pembezoni mwa Madina, mbali kidogo na msikiti wa Mtume (s.a.w.), naye alikuwa na shughuli za kutafuta riziki. Imepokewa kwamba yeye na jirani yake Muansari waliwekeana zamu: leo huyu huteremka kumsikiliza Mtume, kesho yule, na kila anayerejea humweleza mwenzake wahyi na habari za siku ile.

Zamu ya namna hiyo ndiyo inayokosekana katika madrasa zetu nyingi, na upungufu huo unatugharimu walimu.

Tutazame mfano wa karibu. Mwaka 1986, mjini Mombasa, ilianza kazi ya chekechea za madrasa chini ya Taasisi ya Aga Khan, baada ya viongozi wa Kiislamu wa Pwani kulalamikia watoto wao kubaki nyuma kielimu. Aliyeibeba kazi hiyo ni mwalimu mwenyeji, Bi Swafiya Said. Mwaka 1990 ilivuka hadi Zanzibar, mwaka 1993 ikafika Uganda, na baadaye ikaenea katika vijiji na mitaa zaidi ya 200. Watoto walisoma kwa kucheza, kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa vifuu, makombe na vizibo vya chupa, pamoja na adabu za dini yao.

Hayo yamesifiwa sana. Sisi tunataka kumtazama mwalimu. Mara nyingi alikuwa binti wa papo hapo kijijini, aliyeteuliwa na kamati na ambaye hakuwahi kushika chaki. Mkufunzi alimjia darasani mara kwa mara, akaketi mkekani pamoja naye na watoto. Baada ya miaka michache skuli ilihitimu na ziara zikapungua. Hapo ndipo penye hatari. Ada hazilipwi, ujira unachelewa, na binti yule hana wa kumwuliza. Kwa sababu hiyo skuli zilizohitimu ziliunda jumuiya zao, ili walimu na wajumbe wa kamati waendelee kukutana na kufundishana wenyewe kwa wenyewe.

Walifanya jambo la busara. Mjumbe ambaye mtaa wake umewahi kushindwa kukusanya ada, kisha ukaweza, anayo elimu ambayo mkufunzi aliyetoka mjini hana.

Lakini elimu hiyo haipatikani pasipo kukiri kushindwa, na hapa ndipo tunapojikwaa. Kamati zetu hukutana kwenye Maulidi, kila moja ikiwa imewavisha watoto kanzu mpya na kuleta kasida yake bora. (Hatuna neno na Maulidi, pilau yake tunaila kama wengine.) Siku hiyo hakuna anayesema kwamba madrasa yake imepoteza walimu watatu ndani ya mwaka mmoja. Jirani yake naye amepoteza wawili, na amenyamaza. Akina mama wa vikundi vya kuzika na vijana wanaowanasua wenzao katika madawa ya kulevya wanayo siri iyo hiyo.

Tunatahadharisha pia juu ya mikutano ya posho. Watu wakizoea kulipwa ili wakae na wenzao, siku mfadhili akiondoka kikao nacho huondoka.

Tunachoziomba kamati ni kidogo. Kila muhula, mwalimu apewe siku moja aende kuketi katika darasa la mwenzake, na mwenyekiti afuatane naye akiwa na daftari la madeni, alifungue mbele ya mwenyekiti wa huko. Muhula unaofuata, wao waje kwetu. Siku hiyo watoto wanaweza kusimamiwa na mmoja wa akina mama wa kamati, na nauli ya kwenda na kurudi haizidi sana gharama ya chai na maandazi ya kikao kimoja.