Rolex ya Uganda: si saa, ni chapati

Mtu wa Kampala akikuambia amekula rolex asubuhi, hazungumzii saa ya mkononi. Ni mayai yaliyokaangwa na nyanya, kitunguu na kabichi, yakaviringishwa ndani ya chapati. Jina limetokana na Kiingereza, “rolled eggs”, yaani mayai yaliyoviringishwa. Litamke upesi upesi, utalisikia. Wanafunzi wa Makerere wamekizoea pale Wandegeya, kwani bei yake nafuu na kinashibisha.

Sisi tunaona uzito uko kwenye chapati. Mayai na nyanya hutoka kwa wakulima wa Uganda, lakini ngano nyingi huagizwa nje, Urusi ikiwemo. Vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, unga na mafuta ya kupikia vilipanda bei. Wauza rolex wakapandisha bei, wengine wakapunguza chapati.