Kikaratasi Ndani ya Kiboksi

Ukinunua kito cha "Kikelti" mjini Dublin, au ukikiagiza mtandaoni, utaletewa kiboksi, na ndani ya kiboksi mna kikaratasi. Kikaratasi kinakufasiria: fundo lisilo na mwisho ni mapenzi ya milele, fundo la pembe tatu ni Utatu Mtakatifu au, kwa mteja wa aina nyingine, mungu wa kike mwenye sura tatu, ya binti, ya mama na ya ajuza. Hekima ya kale, eti. Mimi nasema kikaratasi hicho ni uongo, tena uongo unaoiba.

Tuanze na fundo. Wale watu ambao Wagiriki waliwaita Keltoi, waliovaa shingoni mikufu mizito ya dhahabu iliyosokotwa kama kamba, walipenda mizunguko na mikunjo ya majani. Misuko ya mafundo ilishamiri Ayalandi na Uingereza baadaye sana, kuanzia karne ya 7, zama za watawa wa Kikristo. Wala haikuwa ya Waayalandi peke yao. Bizimu ya dhahabu ya Sutton Hoo, iliyofukuliwa mashariki mwa Uingereza mwaka 1939, imejaa wanyama waliosukana mwili kwa mwili, na kaburi lile ni la Waanglo-Saksoni. Misuko ya namna hiyo ipo kwenye sakafu za Kirumi na katika sanaa ya Wakopti wa Misri. Ni fundo lililosafiri. Na hakuna sonara wa zama hizo aliyeacha maandishi ya kusema fundo hili maana yake ni hii. Aliyeandika kikaratasi alimuuliza nani?

Halafu kuna bruchi ya Tara, ile pini kubwa ya kufungia joho, ya fedha iliyopakwa dhahabu, yenye kaharabu, vioo na nyuzi za dhahabu nyembamba kama unywele. Imekaa Makumbusho ya Taifa ya Ayalandi, na nakala zake zimejaa madukani. Tara ni kilima cha wafalme wa kale. Bruchi haikutoka huko. Iliokotwa Bettystown, pwani, mwaka 1850, na aliyeileta sokoni anatajwa kuwa mwanamke maskini tu. Ikapita kwa mchuuzi, ikamfikia sonara wa Dublin, George Waterhouse. Huyu alikuwa na duka na alijua biashara, akaibandika jina la kilima cha wafalme, akatengeneza nakala za kuuza, akaipeleka kwenye Maonyesho Makuu ya London ya 1851. Mwaka 1868 akaiuza kwa Akademia ya Kifalme ya Ayalandi.

Angalia tena huo mwaka wa 1850. Njaa Kuu iliyoanza 1845 ilikuwa bado haijaisha. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine wasiopungua hao wakapanda meli kuhama. Mwanamke anaokota dhahabu ufukweni katika nchi yenye njaa, naye anatoweka kwenye hadithi ili wafalme wapate nafasi. Huo ndio wizi ninaousema.

Nitaambiwa: acha watu wavae, maana ni ya mvaaji. Sina neno na mvaaji. Mwanamke wa Mombasa au Unguja akimpa wifi yake kanga, jina huchagua mwenyewe, na anayepewa anajua ni nani amesema. Ugomvi wangu ni na muuzaji anayetunga maana leo asubuhi, akaipaka vumbi la miaka 2,000, kisha akamsingizia marehemu asiyeweza kukanusha.

Na maana zenye wenyewe zipo. Pete ya Claddagh, mikono miwili imeshika moyo wenye taji, ilivaliwa na wavuvi wa kijiji kilicho kando ya Galway. Mama alimwachia binti yake, na jinsi moyo ulivyoelekezwa kidoleni ilieleza kama mwenyewe ameposwa au la. Pete za mikono iliyoshikana zilikuwepo tangu Warumi. Masimulizi ya Galway yanamtaja sonara Richard Joyce, aliyetekwa baharini akauzwa utumwani Algiers, na kwamba usonara alifundishwa huko na bwana wake. Masimulizi hayo yana chumvi yake, lakini hata watu wa Galway wenyewe hawakuona haya kusema kwamba pete yao imepitia mikononi mwa mwalimu Mwislamu wa Afrika. Kikaratasi kinaona haya. Kinataka damu safi ya Kikelti.

Kijiji chenyewe kilibomolewa miaka ya 1930, nyumba zile za kuezekwa kwa nyasi zote, zikajengwa za halmashauri. Kikaratasi cha pete niliyoonyeshwa mimi kilikuwa na mchoro wa nyumba hizo, moshi ukitoka dohani.