Ndoa Si Dawa ya Upweke

Jumapili asubuhi kwenye soko la Jette, hapa Ubelgiji, pale uwanja wa Reine Astrid ambao wenyeji wanauita Miroir, wakikutana Waswahili wa Bukavu na Bujumbura hukawii kusikia: "Dada yangu, miaka inaenda. Olewa basi, upweke utakuua." Anayeambiwa ana kazi, ana nyumba ya kupanga, ana marafiki. Anayemwambia, mara nyingi, hajaongea na mumewe tangu Alhamisi.

Eti asiye na mwenza ana kasoro, na ndoa itamtibu. Nani kasema? Mwaka 2003 mtafiti Richard Lucas na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 24,000 nchini Ujerumani kwa miaka 15. Furaha ilipanda kidogo karibu na harusi, kisha kwa wastani ikarudi ilikokuwa. Waliooana wakadumu walikuwa wameridhika na maisha tangu kabla ya kuoana. Huko Marekani nako, mwaka 2005, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake waliona kwamba kwa wanandoa wanaoishi kwa uhasama hata kidonda kidogo huchelewa kupona.

Sikatai, upweke unauma, hasa Novemba giza linapoingia saa kumi na moja jioni. Lakini pete haiongei.

Na huku Ubelgiji kuna zito zaidi. Aliyeletwa na mwenzi wake kwa njia ya kuunganisha familia, wakitengana ndani ya miaka 5 ya mwanzo, anaweza kunyang'anywa kibali cha kuishi. Haya, mwambieni huyo kwamba heri mume mbaya kuliko kukaa peke yake! Analala na mtu anayemwogopa, kichwani anahesabu miezi iliyobaki. Wala hakuna anayemwonea huruma, maana picha ya harusi ipo ukutani. Huruma zote tumemwekea binti anayenunua samaki wa mtu mmoja.

Mama zangu wa Miroir, mwacheni binti huyo anunue samaki wake. Kama mna la kusema, mwambieni yule mwenye picha ukutani: sheria ina kipengele kwa walioteswa na wenzi wao, ila kinataka ushahidi. Cheti cha daktari na taarifa ya polisi avitunze, na amwone wakili wa pro deo, yule wa bure kwa wasio na kipato cha kutosha, kabla hajahama.