Maktaba ya umma haiishi kwa hisani

Nani alipie kitabu cha mtoto wa maskini? Swali hili si geni katika nchi yetu. Serikali ya kikoloni ililijibu kwa vitendo kwa muda wa zaidi ya nusu karne, na nachelea kusema kwamba jibu lake bado linatutawala, ijapokuwa bendera yake iliteremshwa Desemba 1963.

Na tuutazame mwaka wa 1931. Mwaka huo ndipo maktaba ya McMillan ilipofunguliwa mjini Nairobi, lile jengo la nguzo ndefu lenye sanamu za simba mlangoni. Lilijengwa kwa jitihada za Lady Lucie McMillan ili kumkumbuka mumewe, Sir William Northrup McMillan, mlowezi tajiri aliyefariki mwaka wa 1925. Mwaka uo huo, shule ya Prince of Wales, ambayo leo tunaijua kama Nairobi School, ilifunguliwa huko Kabete kwa ajili ya wavulana wa Kizungu. Maktaba ilitokana na hisani ya mjane. Shule iligharimiwa na serikali. Lakini milango yote miwili ilifungwa kwa Mwafrika, na ule wa maktaba ulibaki hivyo kwa zaidi ya robo karne.

Wako waliodai wakati huo kwamba kila kabila la watu ligharimie elimu ya watoto wake. Dai hilo lilisikika kama haki, kumbe lilikuwa kiini macho. Mwafrika alikuwa akilipa kodi ya nyumba na kodi ya kichwa, na mara nyingi ilimbidi akafanye kazi katika shamba la mlowezi ili azipate fedha zenyewe. Walowezi nao walipotozwa kodi ya mapato mwaka wa 1921, waliipinga hadi ikafutwa, isirudi tena mpaka mwaka wa 1937. Mwaka wa 1942 elimu ilifanywa ya lazima kwa watoto wa Kizungu. Ama kwa watoto wa Kiafrika, Ripoti ya Beecher ya mwaka wa 1949 iliwatengea wengi wao miaka minne tu ya masomo, kisha mchujo mkali.

Je, wazee wetu walikaa wakisubiri huruma? La, hasha. Mabaraza ya wenyeji yaliyoundwa kuanzia mwaka wa 1924 yalijitoza ushuru wa ziada ili yapate shule, na fedha zao zilichangia kuinuka kwa shule za serikali za Kakamega na Kagumo katika miaka ya 1930. Huko Githunguri, wananchi walichanga wakafungua chuo chao cha walimu mwaka wa 1939, chini ya Peter Mbiyu Koinange. Serikali ilikifunga wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka wa 1952. Kwa hivyo Mwafrika alilipa mara mbili: kwanza kodi iliyokwenda kwingine, kisha mchango wa kujaza pengo lililoachwa na kodi hiyo. Zaidi ya hayo, alichokijenga kwa jasho lake kiliweza kufungwa kwa amri ya siku moja.

Kuhusu vitabu, East African Literature Bureau ilianzishwa mwaka wa 1948, ikachapisha vitabu vya Kiswahili na vya lugha nyingine zetu, na ikapeleka masanduku ya vitabu mashambani. Siibezi kazi hiyo hata kidogo. Waandishi wetu kadhaa walipata mlango wa kwanza hapo. Hata hivyo, sanduku la vitabu si maktaba. Sanduku huja likiwa limejazwa na mtu mwingine, na huondoka anapotaka mtu huyo. Maktaba hukaa pale ilipo, na msomaji huijua njia ya kuiendea.

Hapa ndipo ninapotaka walimu na wanafunzi wanisikilize. Dhuluma ya ukoloni haikuwa ubaguzi wa rangi mlangoni peke yake. Ilikuwa pia kuamini kwamba kusoma kwa watu wa tabaka la chini ni jambo la kuonewa imani, si la kutengewa fedha. Kitu cha hisani ni cha mwenye hisani: yeye ndiye huamua nani aingie, asome nini, na kwa muda gani. Kitu cha kodi ni cha mlipaji.

Taifa huru lilionekana kulielewa jambo hili. Mwaka wa 1962 maktaba ya McMillan ilikabidhiwa baraza la jiji. Mwaka wa 1965 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda bodi ya huduma za maktaba za kitaifa, na matawi yakaenea hadi mikoani. Mwaka wa 1996 bodi hiyo ilianza kuwatumia ngamia kuwapelekea vitabu wafugaji wa Garissa. Kisha Katiba ya mwaka wa 2010 ikaziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti.

Lakini jukumu lisilokuwa na fungu la fedha ni jina tupu. Matawi ya McMillan yaliyoko Kaloleni na Makadara, mitaa ya wafanyakazi, yalikarabatiwa na shirika la Book Bunk kwa makubaliano na Kaunti ya Nairobi. Nalipongeza kwa dhati. Walakini, pongezi zetu kwa mfadhili zisitusahaulishe kumwuliza mdaiwa. Baada ya rangi kupakwa na rafu kupangwa, nani atakayemlipa mkutubi mwaka ujao na mwaka utakaoufuata? Nani atakayenunua vitabu vipya mtaala ukibadilika?

Najua nitakavyojibiwa. Wako watakaosema kwamba zahanati hazina dawa, hivyo vitabu vingoje. Jibu hili linasikika kama busara, ila sijaona kaunti iliyoahirisha kununua magari ya wakubwa kwa sababu hiyo. Wengine watasema kwamba siku hizi kila kitu kimo katika simu. Simu hiyo ni ya mzazi, ina mwisho wa fedha za intaneti, na haimpi mtoto meza, taa wala utulivu. Nimefundisha katika shule ambayo maktaba yake ilikuwa kabati moja, na ufunguo wa kabati hilo ukikaa mfukoni mwa mtu mmoja. Wanafunzi wa shule kama hiyo hawana pengine pa kukimbilia isipokuwa maktaba ya umma.

Basi tufanye nini? Sheria inazitaka serikali za kaunti ziwasilishe makadirio ya bajeti kwa mabunge yao kufikia Aprili 30 kila mwaka, na Katiba inataka umma ushirikishwe katika masuala ya fedha. Walimu wahudhurie vikao hivyo. Waulize kwa kutaja tarakimu: mwaka huu ni shilingi ngapi za vitabu, ngapi za mishahara ya wakutubi, na ngapi za tawi ambalo halijajengwa? Wanafunzi wa vidato vya juu nao waandike barua kwa wawakilishi wao wa wadi; hilo ni zoezi la insha lenye faida kuliko mengi tunayowapa darasani.

Wazee wetu walichanga senti zao kwa sababu serikali haikuwa yao. Sisi tunayo serikali tuliyoipigia kura na tunailipa kodi. Haifai tuzunguke na bakuli kuomba kitu ambacho tayari tumekwisha kukilipia.