Mbio Si za Mabingwa Peke Yao

Kuna maswali mawili ambayo mtu wa Nairobi akikuona na raba na jasho lazima akuulize. La kwanza: "Kwani wewe ni Mkale?" La pili: "Na utalipwa ngapi?" Nimeulizwa na makanga, nimeulizwa na mama mboga, nimeulizwa hadi na mjomba kwa matanga. Leo nayajibu yote mawili kwa maandishi, ili mkiniuliza tena niwaelekeze hapa.

Jibu fupi: hapana, na sufuri. Jibu refu ni kwamba hayo maswali mawili ndiyo yanatunyima mbio sisi wenyewe, hapa kwenye nchi ambayo dunia nzima inaijua kwa mbio. Tumechukua kitu ambacho kila mtoto anafanya bila kufundishwa, tukawapa mabingwa wachache watufanyie, halafu sisi tukabaki kwa kochi tukipiga makofi. Na hiyo tunaiita uzalendo. Mimi naiita uvivu wa kitaifa uliovalishwa bendera.

Kabla hamjaanza kunirushia mawe, mjue anayeongea ni nani. Mimi si mwanariadha. Niko na miaka 23, naishi Eastlands, na miaka miwili iliyopita nilikuwa nikipanda ngazi hadi orofa ya nne napumzika orofa ya tatu. Nilianza kwa kuhesabu milingoti ya stima: kimbia mlingoti mmoja, tembea miwili. Baada ya wiki tatu ikawa kimbia miwili, tembea mmoja. Mlinzi wa geti letu, mzee mmoja mcheshi sana, alikuwa akiniuliza kila asubuhi, "Kijana wangu, leo ni nani anakufukuza?" Nikimwambia ni mwili tu, mzee, anacheka anafungua geti.

Miezi minne baadaye nilikimbia kilomita 5 bila kutembea. Ikafika kilomita 10. Mwaka jana nikamaliza nusu marathoni, kilomita 21, kwa saa 2 na dakika 34. Kwa kulinganisha, marehemu Kelvin Kiptum, Mungu amlaze pema, alikimbia marathoni nzima, kilomita 42 na ushee, kule Chicago Oktoba 2023 kwa saa 2 na sekunde 35. Yaani muda wangu wa nusu ungemtosha kumaliza yote, avae sweta, na anywe chai ya maziwa pole pole akinisubiri.

Na hiyo hainisumbui hata kidogo. Hapo ndipo nataka tuanzie ugomvi.

Fikiria kandanda. Jumapili jioni nenda uwanja wowote wa vumbi mtaani. Utapata wanaume wa miaka arobaini, vitambi mbele, wanakimbiza mpira wakipiga kelele. Ushawahi kusikia mtu akiwauliza, "Kwani wewe ni wa Harambee Stars?" Ama, "Utalipwa ngapi hiyo mechi?" Hakuna. Kila mtu anaelewa kwamba wanacheza kwa sababu kucheza ni kutamu. Lakini mtu huyo huyo akivaa kaptula akaanza kukimbia bila mpira, ghafla lazima aeleze kabila lake na mshahara wake.

Hoja ya kabila hata haishiki ukiiangalia vizuri. Ndiyo, Bonde la Ufa limetupa mabingwa wengi kuliko sehemu nyingine yoyote, hakuna anayebisha. Lakini Catherine Ndereba ni wa Nyeri, na alishinda Boston mara nne na ubingwa wa dunia mara mbili. Samuel Wanjiru alikulia Nyahururu, na ndiye Mkenya wa kwanza kuleta dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, Beijing 2008. Yobes Ondieki ni wa Kisii, na mwaka wa 1993 alikuwa mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27. Kwa hivyo ukiniambia "hiyo ni damu ya watu fulani", ujue unawafuta watu wakubwa ndiyo upate kisingizio cha kulala.

Na hata kama ingekuwa ni damu kweli, so what? Samahani, wacha niiseme vizuri: na hata kama ni damu, kwani iko nini? Damu inaamua nani atashinda. Haiamui nani anaruhusiwa kutoka nje.

Tulifikaje hapa? Anzeni na shule. Wengi wetu mara ya kwanza kuambiwa tukimbie ilikuwa adhabu. Umechelewa, zunguka uwanja mara kumi. Umeongea Kiswahili siku ya Kiingereza, zunguka. Halafu ile saa ya michezo iliyoandikwa kwa ratiba, mwalimu wa hesabu anaingia na chaki, "Wacha tumalize hii topiki." Waliobaki uwanjani ni wale wachache wa kupeleka mashindano ya kaunti. Sisi wengine tulifundishwa mambo mawili: mbio ni za wenye kipaji, na kama huna kipaji, mbio ni kiboko. Mtoto akitoka Form Four na hayo kichwani, miaka kumi baadaye daktari akimwambia afanye mazoezi anasikia kama amehukumiwa.

Halafu kuna swali la pili, lile la pesa. Hili nalielewa, kwa sababu uchumi ni mbaya na wengi wetu tunatarmac. Mimi mwenyewe nilianza kukimbia wakati nilikuwa nimetuma maombi ya kazi hadi nikachoka kuhesabu. Kila mahali ni "tutakupigia". Kila mahali unaulizwa unajua nani huko ndani. Sasa niwaambie kitu nilichopata barabarani ambacho sikukipata ofisi yoyote: ukiweka kazi, inaonekana. Wiki hii umeweza kilomita 4, ukirudi na kurudi, mwezi ujao unaweza 6. Hakuna mjomba wa kukuingiza. Hakuna chai ya kumpa mtu. Kwa kijana ambaye kila mlango umefungwa, kuona kitu kimoja tu maishani mwake kinasonga mbele kwa sababu yake mwenyewe, hiyo si mchezo. Sikulipwa, lakini niliacha kuamka saa tano nikiangalia dari.

Kwa hivyo ukiniuliza nalipwa ngapi, unanikumbusha tu vile tumefundishwa kwamba mwili wa mtu maskini ni wa kufanya kazi, na kama haufanyi kazi ulale. Tajiri akikimbia ni afya. Wewe ukikimbia unapoteza nguvu za bure. Nani alitupangia hivyo?

Na hapa lazima niwaguse wenzangu wa kontenti, msinichukie. Mbio zimeanza kuwa fasheni mjini, sawa, nafurahi. Lakini nyinyi mnazigeuza kuwa klabu ya wenye pesa. Video ya kwanza ni raba za elfu ishirini. Ya pili ni saa ya elfu arobaini. Ya tatu ni brekifasti ya mkahawa baada ya kilomita 3. Kijana wa Kayole akiona hiyo anajiambia, hizi si zangu. Manze, raba zangu za kwanza zilitoka Gikomba, na nilizichagua kwa kukunja soli na kuangalia kama kisigino kimeisha upande mmoja. Angalieni raba, ndiyo, kwa sababu magoti ni yako na hayana spea. Lakini saa ya kupima mwendo unaweza kuiacha. Kipimo cha bure ni mdomo: kama unakimbia na bado unaweza kupiga stori na mwenzako, mwendo ni sawa. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Hata wale mabingwa wa Iten ukiwatazama asubuhi wakianza mazoezi yao mepesi, wanaanza pole pole hadi unashangaa. Wao hawaoni aibu kukimbia taratibu. Aibu ni yako wewe wa Nairobi ambaye haujakimbia tangu darasa la nane.

Sasa tufike kwa serikali, kwa sababu si kila kitu ni kosa la kochi.

Mwezi Mei 2022, mbio za Nairobi City Marathon zilipitia juu ya Nairobi Expressway. Picha zilikuwa tamu sana. Watu wa kawaida, juu ya lami mpya, hakuna matatu, hakuna moshi. Halafu mbio zikaisha, magari yakaingia, na kutembea huko juu ni marufuku. Kilomita 27 za barabara ya kulipia, na sisi tulionyeshwa kwa asubuhi moja jinsi mji ungekuwa kama ungetufikiria.

Chini yake, huku kwetu, kukimbia ni kupigana. Njia ya miguu ikianza vizuri, inamezwa na kibanda. Ukihepa kibanda, nduthi inakuja mbele yako juu ya hiyo njia ya miguu, na inakupigia honi wewe. Mtaro hauna kifuniko. Taa ya barabarani haiwaki. Ukitaka miti na hewa safi, kuna Karura. Mnajua Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale Januari 1999 wakizuia msitu usigawiwe matajiri wajenge. Tunamshukuru kila siku. Lakini kutoka Eastlands ni matatu mbili kwenda, matatu mbili kurudi, na kiingilio getini. Kwa pesa hiyo unapika githeri ya siku mbili.

Na hapo nimeongea kama mwanaume. Kuna dada mmoja wa ploti yetu, anakimbia kunishinda, na hilo silifichi. Lakini hatoki peke yake. Alijaribu. Mara mbili jamaa wa nduthi walimfuata pole pole wakimwitaita, mara ya tatu akaacha, hadi tukaanza kutoka pamoja. Haweki muziki masikioni hata siku moja. Aliniambia, "Wewe ukikimbia unaangalia mashimo. Mimi naangalia mashimo na wanaume." Mkimwona dada kama huyo amekaa nyumbani msimwambie ni mvivu. Aliyemfungia nyumbani tunamjua, na wakati mwingine ni rafiki yako unayecheka naye base.

Najua mtu tayari anaandika komenti: "Watu hawana chakula na wewe unatuambia tukimbie." Ngoja. Toka nje saa kumi na moja na nusu asubuhi, simama kando ya Jogoo Road. Utaona maelfu ya watu wakienda Industrial Area kwa miguu, haraka haraka, kuokoa nauli. Wanaenda kilomita tano, saba, wengine zaidi, na jioni wanarudi. Hao ndio watu wa masafa marefu wa huu mji, na hakuna aliyewahi kuwapa medali. Wanatembea kando ya magari, kwenye tope, kwenye giza. Kila mwaka nchi hii wanaokufa zaidi barabarani ni wale wanaotembea kwa miguu.

Kwa hivyo nikidai njia ya miguu yenye taa na yenye kifuniko cha mtaro, sidai anasa ya kukimbizia raba. Nadai kile kile anachohitaji mama anayeenda kufungua kibanda saa kumi na moja. Mkimbiaji na mtembeaji wana kesi moja. Tofauti ni kwamba mkimbiaji ana kelele na simu, na hiyo kelele aitumie kwa wote wawili. Kama kikundi chenu cha kukimbia kinaposti picha tu na hakijawahi hata mara moja kumsumbua MCA kuhusu taa, hicho ni kikundi cha picha.

Basi, madai yangu ni haya. Walimu, acheni kuadhibu watoto kwa mbio, na ile saa ya michezo irudisheni kwa wenyewe. Kaunti, kabla ya kuzindua barabara nyingine kwa mkasi na utepe, tuonyesheni pale mtu wa miguu atapita. Wanaume, mwanamke akipita akikimbia, nyamaza. Ni rahisi hivyo.

Na wewe unayesoma hii ukiwa umelala: kesho usikimbie kilomita 10, utaumia na utanilaumu. Toka dakika kumi na tano. Mlingoti mmoja mbio, miwili kutembea. Mpigie mtu mmoja simu leo usiku mtoke pamoja, hasa kama mtaa wenu una giza. Mkiulizwa kama nyinyi ni Wakale, waambieni hapana, sisi ni wa Umoja, ama wa Kawangware, ama wa Pipeline, na hii barabara pia ni yetu.