Injini Isomwe, Isikisiwe

Katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, kama ilivyo kwingineko, ubishi juu ya injini za zamani hauishi penye gereji na wazee wawili. Mmoja atashikilia kwamba Land Rover fulani ilikuwa na injini ya Kimarekani. Wa pili atacheka, kwani nani asiyejua kwamba Land Rover ni gari la Kiingereza? Aghalabu mshindi huwa mwenye sauti kubwa zaidi, wala si mwenye ushahidi. Hilo ndilo lipasalo kukosolewa, maana ushahidi umo chini ya boneti, na mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuusoma.

Kwa habari ya Land Rover, mzee wa kwanza huenda amesema kweli. Mwaka 1961 kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuuza magari ya Buick na Oldsmobile yenye injini ndogo ya silinda nane, zilizopangwa nne nne katika umbo la V, bloku yake ikiwa ya aluminiamu. Haikudumu huko, miaka michache baadaye iliachwa kwa ajili ya injini za chuma zilizokuwa rahisi kutengeneza. Mwaka 1965 kampuni ya Rover ya Uingereza ilinunua haki ya kuitengeneza. Ikaingia katika Range Rover ya mwaka 1970, na mwaka 1979 katika Land Rover ndefu ya 109. Basi jina lililo juu ya boneti halikusema uongo, lakini halikusema yote. (Siku hizi vijana wakisikia V8 hufikiria shangingi tu, kana kwamba herufi hiyo ni cheo.)

Injini hiyo hutambulikanaje? Kwanza kwa sumaku: bloku ya chuma huinasa, ya aluminiamu huiacha ianguke. Pili kwa uzito, kwani ilikuwa na kilo 145 hivi, hali injini za chuma za silinda nane za Kimarekani huzidi kilo 200. Tatu kwa kipimo. Kipenyo cha silinda ni milimita 88.9, na mwendo wa pistoni ni milimita 71.1. Mwanafunzi atafute eneo la duara, azidishe kwa mwendo, kisha azidishe kwa nane. Atapata takriban sentimita 3,530 za ujazo, yaani lita tatu na nusu. Hesabu hiyo imo katika kila kitabu cha shule, lakini mara nyingi hufundishwa kwa mfano wa pipa la maji.

Hata sikio lina sayansi yake, wala fundi mzee atambuaye injini kwa mngurumo asidharauliwe. Injini ya silinda nne zilizo katika mstari huwaka mara moja kila baada ya nyuzi 180 za mzunguko wa krenkishafti, ndipo sauti yake ikawa ya kulingana. Katika injini tunayoitaja, silinda huwaka kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2, namba witiri zikiwa upande mmoja na shufwa upande wa pili. Ukihesabu upande mmoja tu, utaona nafasi kati ya mwako na mwako ni nyuzi 270, kisha 180, kisha 90, kisha 180. Moshi hutoka upande huo kwa vipindi visivyolingana, na hapo ndipo utokapo ule mngurumo wa kudundadunda.

Lakini sikio lina mpaka. Chevrolet yenye injini ya silinda nane iliyobuniwa mwaka 1955 huwaka kwa mpangilio huo huo. Hapo jicho hulisaidia sikio: distribyuta ya Chevrolet hiyo iko nyuma, karibu na dereva, na ile ya Buick iko mbele. Tena Chevrolet zenyewe, za inchi za ujazo 265, 283, 327 na 350, zafanana mno kwa nje. Pasipo namba zilizochorwa katika bloku, hata bingwa hubahatisha. Atakayeagiza pistoni kwa kukumbuka tu atapoteza fedha zake.

Kibaha ina haki ya pekee ya kulishughulikia jambo hili. Katika miaka ya 1980 malori ya Scania yaliunganishwa hapo katika kiwanda cha TAMCO, na kituo cha teknolojia ya magari cha Nyumbu kilianzishwa mwaka 1985. Shule ya Sekondari ya Kibaha iko karibu. Kisarawe kuna Minaki. Hata hivyo mwanafunzi aweza kuchora mipigo minne ya injini ubaoni na kupata alama zote pasipo kuwahi kuishika pistoni, ilhali injini nzima nzima hupondwa kwa nyundo na kuuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu.

Yafaa shule iombe injini moja iliyokufa kabla haijapondwa. Walimu wasingoje V8 ya Marekani. Ya Bedford au ya Land Rover ya silinda nne yatosha. Wanafunzi waisafishe, wanakili namba zake, wapime kipenyo na mwendo wa pistoni, kisha wamwite fundi mzee aitaje kwa jina kabla ya kuonyeshwa vipimo. Jina alilolitaja liandikwe daftarini pamoja na namba ya bloku, hata kama havikubaliani.